Wimbo Usio na Maneno

Hakuwahi kutuita kwa majina. Mimi nilikuwa Bariton, kwa sababu hicho ndicho chombo nilichopewa siku ya kwanza nilipoingia fanfari, yaani bendi, ya parokia pale Nyakasanza, mjini Bunia. Leo mimi ni mwalimu wa shule ya msingi na mama wa watoto wanaonizidi urefu, lakini sidhani kama anajua jina langu lingine. Aliyekaa karibu nami kwenye benchi alikuwa Klarineti. Aliyebeba ngoma kubwa alikuwa Groskesi, na ndiye aliyesemwa kuliko sisi wote.

"Groskesi, weye unapiga ngoma ao unatwanga majani ya sombe?"

Nasi tulimwita Chef Fanfari. Kambini walimwita hivyo hivyo, kwa kuwa alikuwa mwanajeshi wa cheo cha ajidani na mkuu wa bendi ya kambi. Jumamosi mchana alivua kofia, akavuka barabara, akaja kutufundisha parokiani bila mtu kumtuma. Alikotoka sikumwuliza. Kiswahili chake kilikuwa cha mtu aliyelelewa na Lingala, kisha akaletwa Ituri na lori la jeshi na kusahauliwa hapa. Lugha zetu za Ituri hakuzijua hata kwa salamu. Ukimsalimia kwa kilugha alicheka, akasema, "Mimi masikio yangu inajua noti tu. Maneno ni kazi ya mapadri."

Nilipomwuliza kwa nini anatuita kama vyombo, alikuwa anasugua tarumbeta yake kwa dawa ya meno, maana ndiyo aliyoamini kuliko dawa yoyote ya duka.

"Majina yenu inaniletea kesi," alisema. "Nikiita jina, mutu wa nyuma anageuka kuangalia ni mwana wa nani. Nikiita klarineti, anageuka kuangalia klarineti."

Aliyekulia Bunia ataelewa. Hapa mtu akikutajia jina lake, kichwa chako kinalipima kabla hujaamua kulipima: huyu ni wa upande huu au wa upande ule. Pande hizo mbili sitazitaja. Baba yangu ni wa upande mmoja, mama yangu ni wa upande wa pili, na nimechoka kuulizwa nilalie wapi.

Alikuwa mtu wa kujipenda sana. Nywele zilipoanza kuota mvi alizipaka rangi nyeusi iliyomwachia doa shingoni. Siku za matope alikuja peku, viatu akiwa amevifunga kwenye mfuko wa plastiki, akanawa miguu kwa bomba la parokia, akavaa viatu vinavyong'aa, ndipo akaingia ndani kama mtu aliyeshuka kwenye gari. Tulicheka, lakini tulicheka baada ya yeye kupita.

Na alikuwa mwoga. Hilo kambini walilijua na walimtania nalo hadharani. Alivaa sare miaka mingi na sijawahi kusikia kwamba alipiga risasi hata moja. Risasi zikisikika upande wa uwanja wa ndege, Chef Fanfari alikuwa wa kwanza kuingia chini ya meza, tarumbeta akiikumbatia tumboni. Zikinyamaza, alitoka taratibu, akapangusa magoti, akalalamika kwamba waliopiga hawakuwa na mapigo: "Wanakimbiza, wanakimbiza. Hakuna mutu anawafundisha kupumua?"

Kupumua ndiko kulikokuwa dini yake. "Pumua kwanza," alisema kabla ya kila wimbo, na pia mtu alipomletea habari ya msiba, na mama mmoja alipompigia kelele kwamba amempiga mwanawe vidole kwa fimbo. Alimpiga kweli. Mtoto wa huyo mama alikuwa Klarineti. Kesho yake Chef alikwenda nyumbani kwao na mfuko wa maparachichi kuomba radhi, akaketi, akaomba radhi vizuri kabisa, kisha akamwambia yule mama kwamba hata hivyo mtoto wake anaharibu wimbo.

Kila mwaka alisema anaacha jeshi. Alilisema vibaya sana: wakubwa wanakula, wadogo wanakufa, mshahara unachelewa. Lakini bendera ilipopanda, machozi yalimtoka bila haya, na mshahara ulipochelewa ndipo alipopiga sare pasi kwa bidii zaidi. Niliacha kujaribu kumwelewa katika jambo hilo. Nadhani alipenda jeshi kwa sababu ndipo mahali pekee alipoona watu mia kadhaa wakitembea kwa pigo moja.

Mazishini hakuchagua. Aliitwa na watu wa upande wa baba yangu akaenda, akaitwa na watu wa mama yangu akaenda. Mara moja alipanda moto, pikipiki ya abiria, hadi njia ya Gety, mvua ikimnyeshea njia nzima, kumzika mwalimu wa shule ambaye hakumjua. Alipiga polepole mno, kiasi cha kukera, na watu walipomwambia aharakishe, maana barabara hiyo si ya kurudia jioni, alisema marehemu hana haraka.

Basi huyo ndiye mtu waliyempata wale wageni walipoingia kambini.

Walitoka msituni baada ya maelewano fulani kati ya wakubwa. Kikundi chao kilikuwa na mahubiri yake, na mahubiri hayo kila mtu hapa aliyasikia: kwamba udongo huu una wenyewe, na kwamba watu wa baba yangu ni wadudu waliotambaa wakaja kuula. Tuliambiwa wameyaacha huko huko msituni pamoja na majani waliyovaa kichwani. Walinyolewa, wakapewa sare, wakapangwa mistari. Hawakuacha kitu. Walichobadilisha ni nguo.

Chef Fanfari alifurahi kuwapokea. Sasa hivi nikisema hivyo watu wananitazama vibaya, lakini ndivyo ilivyokuwa, na si yeye peke yake. Tulikuwa tumechoka. Kati ya wale wageni mmoja alijua kupiga tamburi, ile ngoma ndogo ya fimbo mbili, kuliko mtu yeyote aliyewahi kupita kwenye bendi ile. Alikuwa kijana mpole, anayesalimia kwa mikono miwili. Chef akampa jina siku hiyo hiyo: Tamburi. Alimpenda kuliko watoto wake wa kuzaa. Akija parokiani alimzungumzia yeye tu.

"Ile mutu haihesabu, Bariton. Pigo inakaa ndani yake kama damu."

Kwa ajili ya kuwapokea alitunga wimbo. Alitaka wanajeshi wa zamani na hawa wapya wawe na kitu kimoja ambacho hakuna aliyekuja nacho. Hakuupa maneno. Nilimwuliza sababu, akasema, "Nitie maneno ya luga gani? Kila luga iko na mutu anaikasirikia."

Ulikuwa wimbo mzuri. Unaanza chini kama mtu anayebisha hodi kwa adabu, halafu tarumbeta inafungua mlango. Alitufundisha na sisi wa parokia, maana hata baada ya kuwa mwalimu sikuacha bariton. Siku ya uhuru ulipigwa barabarani, na kabla ya wiki kwisha wenye moto waliupiga mluzi, mama wauza samaki waliuimba kwa "la la la" sokoni, na wanafunzi wangu wakaupigia makofi wakati wa mapumziko. Mji wote uliuona kuwa wimbo wa jeshi. Ukiusikia ulijua wanaokuja ni askari wa serikali, si wale waliobaki msituni.

Kisha Jumamosi moja alikuja amebeba simu mbele yake kama mtu aliyebeba keki.

"Bariton, sikia! Wamepatia wimbo yangu maneno!"

Tamburi alikuwa amewarekodi wenzake wakikimbia asubuhi. Sauti nyingi za wanaume, miguu ikipiga chini kwa pamoja, na ule wimbo. Walikuwa wanaimba kwa lugha ya mama yangu. Nikasikiliza mpaka mwisho, kisha nikamrudishia simu.

"Chef, unajua wanasema nini?"

"Wanasema nini?"

Nikamwambia. Wanasema wadudu wamejaa nyumbani, na fagio limefika. Wanasema asiachwe hata mmoja, wakubwa kwa wadogo. Wanasema shimo limeshachimbwa. Katikati kuna mzaha kuhusu wanawake ambao sikuutafsiri.

Aliniangalia, na nikaona anatafuta namna ya kuuliza jambo ambalo hajawahi kumwuliza mtu.

"Na weye," alisema, "uko wapi mu ile wimbo?"

"Baba yangu ndiye mududu, Chef. Mama yangu ndiye anashika fagio."

Alikaa chini kwenye ngazi ya parokia, kwenye vumbi, bila kujali nguo wala viatu vyake. Siku hiyo hatukufanya mazoezi.

Alimwendea Tamburi. Alinisimulia baadaye jinsi kijana yule alivyomjibu bila hasira yoyote, kwa sauti ile ile ya kusalimia: "Chef, siye tunaimba tu. Na wimbo haikukuwa na maneno. Kitu haina mwenyewe, mutu anaichukua." Kisha akamwuliza kama mkazo wa pigo la pili ulikuwa sawa, maana yeye aliona unachelewa. Chef alisema kilichomuumiza ni kwamba kweli ulikuwa unachelewa, na kwamba yeye mwenyewe alimrekebishia kijana.

Baada ya hapo bendi ilianza kupungua. Trombone, mtu wa upande wa baba yangu, alihamishwa kupelekwa kituo cha mbali. Akafuata wa kornet. Akafuata yule wa saksafoni, aliyekataa kwenda, akapigwa kambini na watu ambao hakuna aliyewaona. Kila nafasi iliyoachwa ilijazwa na rafiki wa Tamburi, hata asiyejua kushika chombo. Mwishowe bendi ilibaki ya watu wa lugha moja, pamoja na Chef Fanfari ambaye hakuijua lugha hiyo. Wakicheka hakujua wanacheka nini. Ofisini ikawa hivyo hivyo, na kwenye ghala la silaha hivyo hivyo. Nani alikuwa anasaini uhamisho ule, hakuna aliyeuliza kwa sauti.

Yule mwoga wa chini ya meza alikwenda kwa kanali. Naomba hilo likumbukwe, kwa sababu yaliyofuata yanaweza kulifunika. Alipiga sare pasi, akaingia, akasema yote: maneno ya wimbo, uhamisho, watu waliopigwa.

"Hao vijana wanapigana muzuri?" kanali alimwuliza.

"Ndiyo, mon kolonele."

"Wanaimba muzuri?"

"Ndiyo, mon kolonele."

"Basi unaniletea maneno ya soko ya nini?"

Ndipo kanali, kama Chef alivyonisimulia, akafunga mlango na kushusha sauti.

"Ajidan, unafikiri mimi sijue? Nikiwafukuza, watarudi mu pori na bunduki yangu. Nikiwaacha, wako hapa na bunduki yangu. Kama weye uko na njia ingine, uniambie. Keti, uniambie."

"Na weye ulimuambia nini?" nilimwuliza Chef.

"Ningemuambia nini? Mimi niko na tarumbeta."

Ilipokaribia siku ya vijana wapya kula kiapo, amri ilitoka kwamba wimbo ule upigwe mbele ya watu wote. Alikuja kwangu siku mbili kabla, akasema hataupiga. Atasema mdomo unamuuma. Atasema amezeeka. Alikuwa amechangamka kama mtu aliyepona, na mimi nikamwamini.

Siku yenyewe nilikuwa pale na wanafunzi wangu, kila mmoja na kibendera cha karatasi. Nilimwona mbele ya bendi, shingo imenyooka. Tamburi akaanzisha pigo. Chef akakaa kimya kwa muda uliomfanya kanali ageuze kichwa. Halafu akainua tarumbeta, akapumua, akaupiga.

Sijawahi kumsikia akipiga vizuri namna ile. Na nyuma yake, mstari kwa mstari, askari wakatia maneno.

Waliokuwa karibu nami wengi walipiga makofi, hawakuelewa. Walioelewa walijulikana kwa namna walivyoondoka. Wanawake kadhaa walikaza vitenge, wakashika watoto mkono, wakaondoka polepole, wakiongea mambo ya kawaida, kwa sababu mahali pale kukimbia ni kutaja kabila lako. Mimi nilibaki. Wanafunzi wangu walikuwa wanapunga vibendera na kuimba "la la la."

Nilimkuta baadaye nyuma ya ukuta wa kambi.

"Kwa nini, Chef?"

Hakusema alitishwa, ingawa ningemwamini.

"Nilisema nipige mustari ya kwanza tu, kanali aridhike, kisha nijifanye pumzi imeisha." Alikuwa anatazama mikono yake. "Halafu ikatoka muzuri, Bariton. Ikatoka muzuri, na sikuweza kuikata."

Tangu hapo hakuupiga tena. Aliwaambia waziwazi kwamba hataupiga, na nilitegemea watamuumiza. Hawakumgusa. Hawakuwa na haja. Wimbo wake ulikuwa kwenye simu zao zote, tarumbeta yake ikiwa mbele na maneno yao nyuma. Tamburi aliendelea kumsalimia kwa mikono miwili kila asubuhi. Chef aliomba kustaafu, hakujibiwa, akawa anakaa kwenye chumba cha vyombo akivisugua.

Shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, aliishi kijiji kimoja kando ya barabara ya Bogoro. Walikuwa wakulima wa mihogo na maharagwe, na kwa majuma mengi walikuwa wakituma watu mjini kuomba askari, kwa maana usiku waliona mioto ya watu wasiowajua ikiwaka kilimani. Mwishowe kikosi kilipelekwa. Tamburi alikuwa ndani yake.

Shangazi alinifikia Nyakasanza akiwa na kitenge kimoja na sufuria isiyo na kifuniko. Mume wake hakuwa naye, wala mke wa mwanawe. Kwenye redio walisema ni majambazi waliovaa sare za kuiba. Nilimwuliza shangazi mara moja tu, akasema, "Haikukuwa ya kuiba. Ilikuwa inawaenea." Sikumwuliza tena.

Chef Fanfari alikuja kwangu mwezi uliopita. Nilikuwa sijamwona tangu kiangazi. Alivaa shati la kiraia, nywele zimeachwa na mvi zake, na amekonda hivi kwamba kola ilimzunguka bila kumgusa.

"Nasikia shangazi yako iko kwako."

"Iko."

"Nataka kumusalimia."

Ningemzuia. Lakini alikuwa ameshavua viatu mlangoni, na shangazi kutoka ndani alikuwa ameshasema karibu, kwa sababu ndivyo alivyo; mtu akibisha, anamkaribisha. Nikampa Chef kiti. Shangazi alikuwa chini kwenye mkeka akichambua maharagwe. Wakaulizana habari za mvua. Kisha Chef akamwambia pole kwa yaliyomfika, na shangazi, ambaye mimi niliyemzalia wajukuu hajawahi kunisimulia, akamsimulia mgeni.

"Siye tulikuwa tunawangojea, papa. Ni siye tuliwaita. Asubuhi ile watu wengine walitaka kukimbia, wakasema hatujui ni nani wanakuja. Halafu tukasikia ile wimbo ya sikukuu, ile ya jeshi. Tukasema, haya, ni wetu. Bwana yangu akatoka na maji ya kuwapatia."

Aliokota jiwe kwenye maharagwe, akalitupa.

"Maneno sikusikia, ni luga ingine. Lakini ile wimbo ni ya muzuri, papa. Ndiyo ilitutoa mu nyumba. Mpaka leo haitoke mu kichwa. Nikifua, iko. Nikilala, iko."

Nilimwona Chef akifungua mdomo na kuufunga. Nilimtikisia kichwa asiseme.

"Mama," alisema, "ile wimbo ni mimi."

"Ni weye nini?"

"Ni mimi niliitunga."

Shangazi aliinua uso, akamtazama. Si kwa muda mrefu. Alitazama mvi kichwani, mikono iliyokaa magotini, miguu peku.

"Ulitunga zingine?"

"Nyingi, mama."

"Basi usitunge tena, papa."

"Ndiyo, mama."

Chef alikaa kidogo, kama mtu anayengoja kufukuzwa, na alipoona hafukuzwi alisimama mwenyewe. Nilimsindikiza hadi barabarani. Moto ilisimama, akapanda nyuma, akasahau kumwambia dereva anakwenda wapi, na dereva akaondoka naye hivyo hivyo kuelekea sokoni.

Niliporudi, shangazi alikuwa bado anachambua. Ungo ulikuwa umejaa maharagwe safi, naye alikuwa akiyarudia.

"Weye ulijua ni yeye?"

"Nilijua, shangazi."

Akatikisa ungo.

"Akirudi," alisema, "umuambie nimelala."

Mpaka sasa hajarudi.